Mdomo Si Ukoo

Nchi ya Bukoba na Muleba ni nchi ya migomba, kahawa na maji. Juu ya vilima zimejengwa nyumba katikati ya vibanja. Nje ya vibanja liko rweya, yaani mbuga ya majani. Na chini, mabondeni, yako mabwawa yenye matete na mafunjo. Mto Ngono hupita polepole katika mabonde hayo hata kuingia katika mto Kagera, nao Kagera humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Mtu apitaye kando ya mabwawa asubuhi husikia kelele za ndege kabla hajawaona.

Miongoni mwa ndege hao yuko mmoja ambaye mtu akiisha kumwona mara moja hamsahau. Urefu wake, tangu ncha ya mdomo hata ncha ya mkia, ni kama sentimeta 18. Dume ni wa rangi ya kahawia iliyokoza, karibu na weusi; ana weupe kwenye kipaji cha uso, na baka jeupe katika kila bawa, lionekanalo arukapo. Jike hakufanana naye hata kidogo: mgongo wake ni wa kahawia, na kifua chake ni cheupe chenye michirizi mingi. Asiyewajua angesema kwamba hao ni ndege wa aina mbili. Lakini wote wawili wana mdomo wa namna moja, nao ni mfupi, mnene, wenye kimo kirefu shinani, kama koleo la mhunzi. Wenye elimu humwita ndege huyu Amblyospiza albifrons. Kwa Kiswahili aweza kuitwa mnana mwenye mdomo mnene.

Siku moja, ulezi ulipokaribia kuiva, mzee mmoja aliwatuma wajukuu wake wawili wakalinde shamba lililokuwa karibu na bwawa. Mmoja alikuwa amekuja kutoka Bukoba mjini, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Wa pili alikuwa mwenyeji wa palepale Muleba. Walikuwa watoto wa ndugu wawili, na kila mmoja alitaka kuonekana hodari kuliko mwenziwe. Yule wa Bukoba alikuwa na manati mpya shingoni.

Jua lilipopanda kidogo, ndege mwenye michirizi kifuani alitoka katika matete akatua juu ya mti ukingoni mwa shamba.

"Mwizi huyo!" akasema yule wa Bukoba. "Tazama mdomo wake. Mdomo wa namna ile ni wa nini, kama si wa kumaliza ulezi wa babu?"

"Ngoja kwanza tuone kama atashuka shambani," akajibu mwenziwe.

Lakini yule hakungoja. Alivuta mpira wa manati, jiwe likaenda, ndege akaanguka. Vijana wakamwokota wakamchukua mbio hata nyumbani, wakitumaini kusifiwa.

Mzee alimpokea yule ndege, akamgeuza mkononi mwake, asiseme neno. Kisha akaomba kisu, akaipasua firigisi. Ndani yake hamkuwa na ulezi hata punje moja. Mlikuwa na vipande vya mbegu ngumu za porini, pamoja na mchanga kidogo.

"Umemwua kwa kosa gani?" akauliza.

"Babu, tulimjua kwa mdomo wake," akajibu yule wa Bukoba kwa sauti ndogo.

"Mdomo wake umekuambia nini? Mdomo umesema, 'Mimi hula kitu kigumu.' Basi. Haukusema, 'Mimi ni mtoto wa fulani,' wala haukusema, 'Nimekula ulezi wako.' Hayo mawili umeyaongeza wewe." Kisha akasimama akachukua fimbo yake. "Twendeni bwawani. Huyu ni jike, na wakati huu majike wana kazi."

Hawakutafuta sana. Ndani ya matete, juu ya maji, kilikuwako kiota kimefungwa kati ya mabua mawili yaliyosimama kama nguzo. Kilikuwa kimefumwa kwa nyuzi nyembamba sana za majani, zimepitishwa huku na huku kwa ustadi hata kiota kikawa kama kikapu kizuri cha mama mwenye mikono myepesi. Mlango ulikuwa ubavuni, nao ulikuwa mdogo. Dume wa aina hii hufuma viota kadhaa, na mwanzoni kila kiota huwa na mlango mpana. Jike akiisha kukikubali kimoja, mlango wake hupunguzwa. Kwa hiyo mlango mdogo ni dalili kwamba ndani mna mayai au makinda. Mzee aliinamisha bua taratibu, vijana wakachungulia. Walikuwamo makinda wawili, wamefumbua vinywa.

Yule wa Bukoba alisema kwamba yeye mwenyewe atawalisha. Akajaribu siku hiyo na siku ya pili, kwa wadudu na kwa ulezi uliotafunwa. Siku ya tatu kiota kilikuwa kimya.

Jioni ile mzee aliwaita wajukuu wake karibu na moto. Hakumpiga yule kijana, wala hakumtukana. Alisema, "Nawauliza neno. Mkono wa mhunzi ukoje?"

"Una sugu, babu," wakajibu.

"Vema. Katika nchi yetu chuma kilifuliwa tangu zamani sana, na wahunzi walitoka katika koo mbalimbali. Kila mmoja alishika nyundo, kila mmoja akapata sugu kiganjani. Je, mtu akiona viganja viwili vyenye sugu, aweza kusema kwamba wenye viganja hivyo ni ndugu?"

"La, babu. Sugu zimetoka katika kazi."

"Naam. Na undugu hujulikanaje?"

"Kwa ukoo na kwa mzio wake," akajibu yule wa Muleba.

"Umesema kweli. Watu wa ukoo mmoja wana mzio mmoja, nao hawaoani, hata kama mmoja ni mrefu na mwingine ni mfupi, hata kama mmoja amezaliwa Kiziba na mwingine Ihangiro. Kijana akitaka kuoa, wazee hawatazami sura ya binti kwanza. Huuliza ukoo wake. Kwa maana mtu afuataye sura aweza kumwoa nduguye asijue, na aweza kumkataa mgeni akidhani ni nduguye. Ndivyo ilivyo kwa ndege. Mdomo ni sugu ya kazi. Ukoo ni neno jingine."

Kosa la kijana yule si kosa la watoto peke yao. Watu wenye elimu kubwa walilikosea neno hilohilo kwa muda mrefu, na habari zao zafaa kujulikana.

Katika dunia mna aina zaidi ya 10,000 za ndege, na zaidi ya nusu yao ni wa kundi moja kubwa, ambalo ndani yake wamo ndege waimbao. Hapana mtu awezaye kujifunza habari za viumbe wengi hivyo bila kuwapanga. Kwa hiyo aina zilizo karibu hukusanywa katika mlango mmoja, milango iliyo karibu hukusanywa katika ukoo, na koo hukusanywa katika makundi makubwa zaidi, kama watu wahesabuvyo nyumba, mlango na ukoo.

Aliyeweka msingi wa kazi hiyo alikuwa Carl Linnaeus, mtu wa Sweden. Mwaka wa 1758 alitoa chapa ya kumi ya kitabu chake kikubwa, ambamo kila mnyama alipewa jina la maneno mawili ya Kilatini. Desturi hiyo inafuatwa hata leo. Linnaeus alipofika kwa ndege walao mbegu, aliutazama mdomo. Ndege wengi wenye midomo minene aliwatia katika mlango mmoja, akauita Loxia. Humo alimtia ndege mwekundu wa Amerika aitwaye kardinali, na ndege wa Ulaya avunjaye kokwa za matunda, na shomoro wa Java apendaye mpunga, ambaye baadaye aliletwa na watu hata Unguja na Pemba. Humo pia alimtia mshigi mdogo, mwenye mdomo mwekundu na mstari mwekundu machoni, ambaye watoto wa Bukoba humwona akining'inia juu ya majani ya rweya.

Leo ndege hao hawamo tena katika nyumba moja. Kardinali yumo katika ukoo wake huko Amerika. Yule wa Ulaya yumo katika ukoo wa chiriku. Shomoro wa Java na mshigi wamo katika ukoo mwingine, mbali na hao wote. Linnaeus hakuwa mjinga. Alikuwa na ngozi za ndege mezani na habari chache za maisha yao. Aliona sugu, akadhani ameona undugu.

Wafaransa waliwaita ndege wa namna hii kwa neno lenye maana ya mdomo mnene, na Waingereza wakalichukua neno hilo katika lugha yao. Lakini neno hilo si jina la ukoo. Wako wenye midomo minene walio katika ukoo wa kardinali, wako walio katika ukoo wa chiriku, na yuko yule wa mabwawa ya Kagera, ambaye ni wa ukoo wa mnana. Hata jina lake la kitabuni limebeba kosa la zamani, maana neno Amblyospiza limetungwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya chiriku mwenye mdomo butu. Naye si chiriku.

Yajulikanaje? Kwanza kwa kazi ya mikono yake, kama mtu angesema hivyo kwa ndege asiye na mikono. Chiriku hutengeneza kiota kama kikombe kilicho wazi juu, akikusanya nyuzi na majani na kuyakandamiza. Ndege wa ukoo wa mnana hufuma. Huchana majani, hupitisha uzi, huuvuta, na kiota chake kina paa. Mnana mwenye mdomo mnene ana mdomo wa kuvunjia mbegu ngumu, hata mtu angedhani kwamba hawezi kazi nyembamba; walakini ufumaji wake ni miongoni mwa ulio bora katika ukoo wote. Pili, wenye elimu wamechunguza vinasaba, yaani chembe za urithi ambazo mtoto huzipokea kwa wazazi wake. Vinasaba vilithibitisha neno lililosemwa na kiota: huyu ni wa ukoo wa mnana, ingawa katika mlango wake yuko peke yake, hana aina nyingine.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Mwaka wa 1835 kijana Mwingereza, Charles Darwin, alifika katika visiwa vya Galápagos, vilivyo baharini mbali magharibi ya Amerika ya Kusini. Alikusanya ndege wadogo wengi. Wengine walikuwa na midomo minene ya kuvunjia mbegu, wengine midomo myembamba ya kushikia wadudu. Darwin alidhani kwamba wametoka katika koo mbalimbali. Aliporudi Uingereza aliwatoa kwa John Gould, mjuzi wa ndege, naye mwaka wa 1837 akatangaza kwamba wote ni jamaa moja. Midomo ilitofautiana kwa sababu vyakula vilitofautiana. Damu ilikuwa moja. Kwa hiyo Linnaeus aliona mdomo mmoja akadhani ni ukoo mmoja, na Darwin aliona midomo mingi akadhani ni koo nyingi. Wote wawili waliuamini mdomo kupita kiasi.

Tena liko jambo la ajabu zaidi, nalo ni la Afrika. Katika misitu ya Kamerun, na hata Uganda iliyo jirani na Bukoba, yuko ndege mdogo mweusi mwenye kichwa na kifua chekundu, ambaye kazi yake ni kupasua mbegu za mimea iliyo jamaa ya ndago. Kwa Kilatini aitwa Pyrenestes ostrinus. Baadhi yao wana midomo mikubwa, na baadhi wana midomo midogo. Mtu aliyefuata mdomo angewagawa kuwa aina mbili. Lakini Mmarekani Thomas Smith, aliyewachunguza huko Kamerun kwa miaka mingi tangu karne ya 20, aliona kwamba wenye midomo mikubwa na wenye midomo midogo huoana bila kubaguana, na makinda wa namna zote mbili huweza kutoka katika kiota kimoja. Mwenye mdomo mkubwa hupasua vizuri mbegu za ndago ngumu; mwenye mdomo mdogo hula upesi mbegu zilizo laini. Baba mmoja, mama mmoja, midomo miwili.

Mfano wa mwisho watoka kisiwa cha São Tomé, katika bahari ya magharibi ya Afrika. Huko yuko ndege wa msituni mwenye mdomo mnene kabisa, aliyeandikwa vitabuni mwaka wa 1888. Baadaye hakuonekana na wenye elimu kwa muda wa miaka mia moja hivi, na wengine walidhani kwamba amekwisha, hata alipoonekana tena mwaka wa 1991. Kwa sababu ya mdomo wake alikuwa amewekwa peke yake katika mlango wake, kama mtu asiye na jamaa. Vinasaba vilipochunguzwa, mwaka wa 2017 ilitangazwa kwamba huyu ni chiriku, ndugu wa karibu wa chiriku wengine wa Afrika, ila amekua kupita wote. Ndege hao wamebaki wachache sana, na msitu wao ni mdogo. Apotezaye aina moja hawezi kuinunua sokoni.

Kwa nini midomo ifanane ikiwa damu ni mbali? Sababu yake si ngumu. Ganda la mbegu ngumu halijali ukoo wa ndege, lataka nguvu. Mdomo mrefu mwembamba ungevunjika. Mdomo mfupi wenye kimo kirefu shinani hustahimili, na karibu na shina ndipo taya linapobana kwa nguvu nyingi, kama koleo linavyobana zaidi karibu na msumari wake kuliko kwenye ncha. Katika vizazi vingi, wale wenye midomo yenye nguvu kidogo kuliko wenzao walipata chakula wakati wa njaa, wakaishi, wakazaa watoto wenye midomo kama yao. Jambo hilo lilitendeka Amerika, likatendeka Ulaya, likatendeka Afrika, kila mahali peke yake. Wahunzi wa nchi mbalimbali hawakufundishana, lakini wote walipata sugu.

Likizo nyingine ilipofika, yule kijana wa Bukoba alirudi kwa babu yake. Hakuwa na manati shingoni. Alikuwa amesoma habari za ndege katika kitabu, na neno moja lilikuwa limemsumbua njia nzima.

"Babu," akasema, "nimesoma kwamba kweleakwelea, yule mharibifu wa mtama na mpunga katika mikoa ya Tanzania yenye ukame, aendaye kwa makundi makubwa kama wingu, naye ni wa ukoo wa mnana. Basi yule ndege niliyemwua alikuwa ndugu wa mwizi."

Mwenziwe wa Muleba akacheka, akidhani kwamba hapo mzee ameshikwa. Lakini mzee hakucheka.

"Katika ukoo wetu," akasema, "palikuwa na mtu mmoja aliyeiba ng'ombe, zamani za baba yangu. Wewe mjukuu wangu ni damu yake. Je, watu wa kijiji kile wakija leo na fimbo, nikutoe wewe?"

Kijana akanyamaza.

"Mdomo hukuonyesha kazi ya ndege," akaendelea mzee. "Kiota na damu hukuonyesha ukoo wake. Lakini kosa lake hulioni katika mdomo, wala katika ukoo. Hulioni mpaka umemwona mwenyewe akitenda. Mwenzako siku ile alikuambia nini?"

"Aliniambia, 'Ngoja kwanza tuone kama atashuka shambani.'"

"Hiyo ndiyo elimu yote," akasema mzee.

Asubuhi yake vijana wote wawili walishuka kulinda shamba. Walikuwa na debe bovu la kupiga, na vigae vya kuning'iniza katika miti vipate kugongana upepo uvumapo. Shomoro na mnana wa manjano walipotua juu ya ulezi, debe lililia, nao wakaruka. Kando ya bwawa, dume mmoja mwenye kipaji cheupe alikuwa ameshika mabua mawili ya matete kwa miguu yake, mguu mmoja huku na mguu mmoja huku, akipitisha uzi mwembamba wa jani kwa mdomo wake mnene. Alipomaliza uzi ule, aliruka kwenda kuchana mwingine. Vijana walimhesabia nyuzi hata wakapoteza hesabu, na debe likakaa kimya miguuni pao.